Makatazo Si Mafunzo

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti la shule yetu nipate kueleza jambo moja ambalo limenikaa moyoni tangu muhula uliopita. Najua kurasa ni chache na wenye kutaka kuandika ni wengi, lakini jambo lenyewe latuhusu sisi sote tunaokula samaki wa jikoni hapa shuleni, na sijaona bado mwanafunzi asiyekula.

Wasomaji watakumbuka kwamba muhula uliopita tulitembelewa na wageni wawili, mmoja wa mambo ya uvuvi na mwingine wa mambo ya wanyamapori. Au kama wazee wetu wasemavyo mpaka leo, Bwana Samaki na Bwana Nyama. Tulikusanyika sote chini ya mwembe. Wageni walitundika picha kubwa za rangi, wakasema nasi kwa adabu na kwa sauti nzuri. Usivue kwa baruti. Usikokote kokoro. Usitumie nyavu za macho madogo. Usitege waya. Usiue mnyama bila leseni. Usinunue pembe. Kila baada ya katazo tuliulizwa, "Mmeelewa?" nasi tulijibu kwa sauti moja, "Ndiyo!" Bwana harusi husema amekubali mara moja tu, akaaminiwa, sisi tulikubali mara nyingi sana asubuhi ile. Kisha tukapiga makofi, wageni wakaondoka.

Jioni ile ile tulikula ugali na samaki. Mimi nilipata samaki watatu, changu wawili na tasi mmoja. Niliwapanga kando ya sahani, na hapakuwa na hata mmoja aliyeuzidi urefu wa kidole changu cha kati. Walikuwa watoto wa samaki, waliovuliwa kabla hawajataga hata yai moja. Nilitazama meza nzima, nikaona sahani za wenzangu ni hivyo hivyo. Hakuna aliyesema neno. Mimi nami sikusema, maana nilikuwa na njaa, nikawala pamoja na miiba yao. Usiku nilipolala ndipo nilipojiuliza: zile "ndiyo" zetu zote za asubuhi zilikwenda wapi?

Sisemi haya ili kuwalaumu wageni wetu. Walitoka mbali, njia ilikuwa mbaya, na waliyoyasema yote yalikuwa kweli. Wala simlaumu mpishi, kwani yeye hupika kilicholetwa. Nasema kwamba tulipewa makatazo tukayaita mafunzo, na vitu hivi viwili havifanani. Katazo humwambia mtu asifanye nini. Fundisho humwonyesha kwa nini, tena humwonyesha afanye nini badala yake, na mwisho humwachia macho ya kuona mwenyewe hata mwalimu akiwa hayupo. Kama tungalifundishwa asubuhi ile, jioni tungaliwatambua wale samaki.

Nitatoa mfano wa mtu ninayemjua. Mjomba wangu ni mvuvi katika pwani ya Kilwa, naye hana kiganja cha mkono wa kushoto. Kilikatika kabla mimi sijazaliwa, siku aliyowasha chupa ya baruti yenye utambi mfupi akachelewa kuirusha. Sheria ya uvuvi ya mwaka 1970 ilikuwa imekwisha kataza baruti zamani sana. Likizo iliyopita, tulipokuwa tukishona nyavu, nilimwuliza, "Mjomba, siku zile hukujua kuwa baruti ni haramu?"

Akacheka. "Nani asiyejua, mwanangu? Nilijua nikiwa mdogo kuliko wewe. Lakini haramu ya serikali tuliijua kama tujuavyo mvua. Mtu hutazama mawingu. Akiyaona hatoki, asipoyaona hutoka. Boti ya doria ilikuwa ndiyo mawingu yetu. Jambo ambalo hakuna aliyenieleza ni kwamba mwamba una uhai. Mimi nilidhani ni jiwe. Jiwe likipasuka, si jiwe tu?"

Nawaomba wasomaji wayafikiri maneno haya. Katika lugha yetu matumbawe ya baharini twayaita mwamba, na mwamba kwetu ni jiwe. Wazee wetu walijengea nyumba na misikiti kwa mawe hayo, na wengine waliyachoma wakapata chokaa. Basi mtu aliyekulia katika maneno hayo atajuaje kwamba tumbawe limejengwa na vijidudu hai vidogo sana, kizazi juu ya kizazi? Atajuaje kwamba yale ya mviringo yaliyo makubwa huongezeka kwa sentimita moja hivi tu kwa mwaka, au pungufu? Tumbawe lenye kimo cha mtu lilianza kukua kabla babu wa babu yake hajazaliwa, na chupa moja hulivunja katika nukta moja. Vipande vyake hubakia vikivingirishwa na mawimbi, na matumbawe machanga hayapati mahali pa kushika. Samaki huondoka, maana nyumba imebomoka. Mjomba alikatazwa baruti mara nyingi, lakini habari hii hakupewa hata mara moja.

Alikuja kuijua baadaye, alipokwenda Mafia kwa harusi ya jamaa yetu. Huko kuna hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza katika nchi yetu. Mvuvi mmoja wa huko alimvalisha miwani ya kuzamia, akamwambia, "Chungulia." Mjomba asema alichungulia mpaka maji yakamwingia puani. Aliona rangi na samaki ambao kwetu alikuwa amewasahau. Alipotoka majini alikaa kimya. Mtu aliyemgeuza mjomba wangu hakuwa na picha ya kutundika wala kipaza sauti. Alikuwa mvuvi kama yeye, mwenye miwani ya kuazima.

Sasa tutoke baharini twende porini, kwani kasoro ni ile ile. Upande wa baba zangu ni watu wa bara ya wilaya yetu, njia ya Nanjirinji, na babu zangu walikuwa wawindaji. Katika nchi hii sheria ya uwindaji iliwafikia watu kwa sura ya askari. Mwaka 1896 Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri iliyotaka mwindaji awe na leseni ya kulipia, akatenga na mapori ya kwanza ya hifadhi. Waingereza walipokuja walitunga sheria zao. Mtu aliyekuwa akiwinda kitoweo kama babu yake aliamka siku moja akaambiwa kuwa yeye ni mwizi wa nyama, na hakuna aliyekaa naye chini kumweleza sababu. Nadhani ndiyo maana hata leo, ukitaja hifadhi mbele ya wazee wengi, hufikiri kwanza pingu.

Tulipokaribia Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitoa Ilani ya Arusha, mwezi wa Septemba 1961, akaahidi kuwa nchi itawatunza wanyama wa mwitu kwa ajili ya watoto na wajukuu, akaomba mataifa mengine yatusaidie kwa fedha na wataalamu. Mwaka 1963 chuo cha Mweka kikafunguliwa chini ya Mlima Kilimanjaro ili kuwafundisha Waafrika kazi ya kusimamia wanyama. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na chuo kingalipo. Lakini aliyefundishwa huko ni mlinzi. Mkulima anayeishi ubavuni mwa pori na mvuvi anayelala ufukweni, wao walingojea zamu yao, na wengine wanaingojea mpaka sasa.

Hasara ya kungojea tumeiona. Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha kuwa Tanzania ilikuwa na ndovu 109,051. Hesabu ya mwaka 2014 ilionyesha ndovu 43,330. Katika miaka mitano tu zaidi ya nusu walitoweka, na Selous, pori lililo jirani yetu, ndilo lililoumia kuliko mengi. Bunduki za majangili ndizo zilizowaua, na fedha za pembe zilitoka ng'ambo, hilo silifichi. Lakini jangili mgeni hawezi kupita porini bila mwenyeji wa kumwonyesha njia, kumpikia, na kunyamaza. Yafaa tujiulize huyo mwenyeji alifundishwa nini.

Baba yangu mdogo si jangili, wala hajapata kumsaidia jangili. Lakini mwaka mmoja ndovu waliingia shambani mwake usiku, na kulipokucha mahindi ya ekari mbili yalikuwa yamekwisha. Alisema neno ambalo silisahau: "Ndovu ni wa serikali, lakini mahindi yalikuwa yangu." Mtu huyo ukimletea picha nzuri ya ndovu na mwanawe, ukamwambia wapende wanyama, atakusikiliza kwa adabu kwa kuwa u mgeni, na moyoni atakuona huna akili.

Hata hivyo yako mambo ambayo angefurahi kufundishwa. Tangu mwaka 2011 ziko kanuni za kifuta jasho kwa mtu ambaye mazao yake yameharibiwa na wanyama wakali, na kifuta machozi kwa waliojeruhiwa au kufiwa. Fedha zenyewe si bei ya mazao, na zina masharti yake; kubwa ni kutoa taarifa mapema ili uharibifu ukaguliwe. Baba mdogo hakujua. Alipokwenda kutoa taarifa alikuwa amekwisha lima upya, hata alama ya nyayo haikuwapo. Tena ziko njia za kuwazuia ndovu ambazo wakulima wa sehemu nyingine wamezijaribu: kuzungushia shamba kamba zilizopakwa pilipili iliyochanganywa na oili chafu, au kutundika mizinga ya nyuki, kwani ndovu kwa ukubwa wake wote humwogopa nyuki. Mzinga hulinda shamba na hutoa asali. Haya ni mafunzo. Mtu akiyapata, hata neno la kuwahifadhi ndovu atalisikia kwa sikio jingine.

Na mwenye kutamani nyama ya porini je? Niliwauliza wenzangu darasani kama iko njia ya halali ya kuila. Wengi walijibu kwamba hakuna, ni jela tu. Kumbe sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inazo leseni za kuwinda, na kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu mabucha ya nyamapori, ambako mtu hununua nyama kwa haki na risiti. Sisemi kuwa bucha la namna hiyo liko kila kijiji, la. Nasema kwamba tumeujua upande mmoja tu wa sheria, ule unaofunga. Upande unaofungua hatukuonyeshwa.

Huko Marekani mambo yaliendeshwa kwa njia nyingine. Wawindaji walikuwa wakipigana risasi kwa bahati mbaya msituni, na mwaka 1949 jimbo la New York likaweka sharti kwamba mwindaji mpya asipewe leseni kabla hajapata mafunzo. Majimbo mengine yakafuata. Mwindaji hufundishwa kushika bunduki kwa usalama, kumtambua mnyama kabla ya kufyatua, kujua majira na idadi anayoruhusiwa. Na tangu sheria ya mwaka 1937, kodi ya bunduki na risasi hurudi kutunza wanyama. Nchi ile ni tajiri, na sitaki tuige kila kitu chake. Nataka tuone jambo moja tu: kule mafunzo ni mlango wa kuingilia. Anayejifunza hupata ruhusa, kwa hiyo hujifunza kwa hamu. Kwetu anayefundishwa hupata makatazo, kwa hiyo husinzia.

Lakini tusiende mbali kutafuta mfano mwema. Mama yangu hutafuta pweza. Wakati wa bamvua, maji yakitoka sana, yeye na wanawake wenzake hutembea juu ya mwamba na fimbo ya chuma, wakichungulia kila tundu. Siku hizi asema hurudi na pweza wadogo, pengine wawili watatu tu, na jua limemchoma bure. Basi pweza ana maisha mafupi, yapata mwaka mmoja au zaidi kidogo, naye hukua upesi ajabu. Jike hutaga mayai mara moja tu, huyalinda tunduni bila kula, na yakianguliwa hufa. Mtu akielewa hayo, ataona mwenyewe kwamba pweza akiachwa miezi michache huwa mkubwa, na jike akiachwa atage, watoto wake watajaa mwambani.

Mwaka 2004, katika kijiji cha Andavadoaka huko Madagaska, wavuvi walikubali kufunga sehemu moja ya mwamba wao kwa miezi kadhaa. Siku ya kuufungua walipata pweza wakubwa kuliko walivyozoea. Jirani zao walipoona, nao wakafunga yao. Habari zikaenea pwani ile, zikavuka bahari, na leo hata kwetu viko vijiji vinavyofunga mwamba wa pweza, kama Kisiwa Panza huko Pemba. Wanakijiji wenyewe huchagua sehemu ya kufunga, wenyewe huilinda, na siku ya kufungua huwa kama sikukuu. Huhitaji kumwuliza mtu wa namna hiyo kama ameelewa. Mzani wa mnunuzi umekwisha mweleza.

Najua nitajibiwa kwamba mwenye njaa hafundishiki. Neno hili lina ukweli, nami nimekwisha kiri kwamba nilikula wale samaki watatu kwa sababu ya njaa. Lakini mama yangu na wenzake ni maskini, na umaskini wao ndio unaowafanya waisikilize habari ya pweza, maana ni habari ya chungu cha kesho. Maskini hukataa fundisho lisilo na chakula ndani yake. Tena wanaofunga mwamba hawaufungi wote. Hufunga sehemu, na sehemu nyingine huendelea kuvuliwa, ili watu wasilale njaa wakingojea. Mwalimu anayesahau jambo hilo dogo amepoteza darasa lake lote.

Wengine watasema dawa ni ukali wa sheria, na watanionyesha baruti. Ni kweli kwamba serikali ilipokaza kamba, hasa miaka ya 2016 hadi 2018, milio ya baruti katika pwani yetu ilipungua sana, na mimi nashukuru. Mwizi apaswa kukamatwa. Walakini pwani ni ndefu na miamba ni mingi; boti ya doria haiwezi kulala juu ya kila mwamba kila bamvua. Mawingu yakiondoka, wenye tabia ya mjomba wangu wa zamani watatoka tena. Anayejua kwamba mwamba una uhai, huyo hana haja ya kutazama mawingu.

Sasa nije kwetu shuleni. Ndugu zangu, kazi hii ya kufundishana si ngeni kwa wanafunzi. Vilabu vya wanyamapori vya Kenya vilianzishwa na wanafunzi wa sekondari wenyewe mwaka 1968. Kwetu vilabu vya Malihai vilianza mwaka 1980. Na mwaka 1991 vijana 12 wa shule walikutana nyumbani kwa Jane Goodall jijini Dar es Salaam, wakamweleza mambo yaliyokuwa yakiwasumbua, likiwamo hili la baruti baharini; kutokana na mazungumzo yale kikazaliwa chama cha Roots & Shoots, ambacho kimeenea katika nchi nyingi. Wale walikuwa watu kama sisi, wenye daftari na sare. Walianza kwa kuuliza.

Shule yetu nayo ina klabu ya mazingira. Ina mwenyekiti, katibu, mhazini na muhuri, na imekutana mara moja tangu mwaka uanze, siku ile ya wageni. Mimi ni mwanachama, kwa hiyo lawama hii yaniangukia pamoja na wengine. Naomba tuifufue kwa mambo manne.

Kwanza, kila wiki samaki wakiletwa jikoni, wanachama wawili wawapime kwa rula na kuandika katika daftari: jina la samaki, urefu wake, na mahali alikovuliwa kama muuzaji atasema. Kazi hii ni ya nusu saa. Baada ya mwaka tutakuwa na hesabu yetu wenyewe, na Bwana Samaki akirudi tutakuwa na jambo la kumwonyesha na maswali ya kumwuliza.

Pili, kila mwezi tualike mwalimu mmoja asiye na chaki: mvuvi, mama wa pweza, mkulima wa jirani na pori, au mzee aliyewinda zamani. Tumpe kiti cha mbele na maji ya kunywa, tumsikilize kama tumsikilizavyo mgeni wa wilayani. Mjomba wangu amekubali kuja. Nilimwuliza kama hataona haya kusimama mbele ya wanafunzi na mkono ule. Akajibu, "Haya niliiona siku nilipoukata. Sasa nataka ufanye kazi."

Tatu, tukienda likizo, kila mmoja achukue swali moja la kuwauliza wazee wa kwao, wala asichukue katazo. Aulize ni samaki gani au mnyama gani aliyekuwapo zamani na sasa haonekani, na wao wadhani kwa nini. Mtoto anayerudi nyumbani na makatazo huonekana mjuvi, na wazee humnyamazisha. Anayerudi na swali hupewa kigoda akae.

Nne, na hili ndilo gumu, tuuombe uongozi wa shule kwamba changu, tasi na wenzao wasiofika urefu wa kalamu mpya ya risasi wasinunuliwe kwa jiko letu. Kipimo hiki ni chetu wenyewe cha kuanzia, si cha sheria, na wataalamu watatusahihisha. Dagaa hawamo, maana dagaa ni mdogo kwa maumbile yake. Lakini tuelewane mapema: siku ambayo samaki wakubwa hawatapatikana, tutakula maharage, na siku hizo zitakuwa nyingi mwanzoni. Hatuwezi kumtaka mvuvi aache kokoro huku sisi ni wanunuzi wa kokoro lake. Shule yenye vinywa vingi kama yetu ni mteja mkubwa. Muuzaji akijua kwamba samaki wachanga hawana soko hapa, atamwambia mvuvi, na mvuvi atatazama macho ya nyavu zake bila kuhubiriwa na mtu.

Najua wako watakaonichukia kwa ajili ya maharage. Mimi nayapenda samaki kuliko wao, maana nimezaliwa na harufu ya nazi na changu. Kwa sababu hiyo hiyo nataka mwanangu naye aijue harufu hiyo, asiisome katika kitabu kama sisi tunavyosoma habari za wanyama waliokwisha.

Bwana Mhariri, nimesema mengi. Mwenye maoni yaliyo kinyume na yangu namwomba ayaandike muhula ujao, nitayasoma kwa shukrani. Rula ninayo tayari. Ninamtafuta mwenzangu mmoja wa kusimama nami mlangoni mwa jiko siku ya Jumatano, samaki watakapoletwa.

Wako katika masomo,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu